Bei Inapopandishwa Ili Mtandao Ujengwe

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara na makatibu wa vyama vya msingi, hasa wakati wa kuandaa makisio ya mwaka, ni hili: kwa nini fedha tunazotenga kwa ajili ya intaneti ya ofisi hazitoshi tena, hali mnara ni uleule, simu ni ileile, na kazi haikuongezeka? Zamani swali kama hili lisingepewa nafasi katika kurasa hizi. Mahitaji ya ofisi ya chama yalikuwa mizani, vitabu vya stakabadhi, wino na taa ya chemli. Lakini leo katibu anatakiwa kuingiza taarifa za chama chake katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ule tunaouita MUVU, ambao husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hufuatilia minada inayoendeshwa kwa mtandao na Soko la Bidhaa Tanzania. Malipo ya mkulima nayo hupitia benki au simu. Kwa hiyo kifurushi cha intaneti kimekwisha kuingia katika matumizi ya lazima ya chama, na kila kinapopanda bei, fedha ya kukinunulia hutoka hatimaye mahali pamoja tu, nako ni katika ushuru unaokatwa kwa kila kilo ya pamba, dengu au choroko ya mwanachama.

Jibu ambalo makampuni ya mawasiliano hulitoa karibu duniani kote bei inapopanda ni lenye kufanana: tunahitaji fedha za kujenga mtandao ulio bora zaidi. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo wateja wengi hawaridhiki nalo, na makala hii inakusudia kueleza sababu. Yafaa makatibu na wajumbe wa bodi wazielewe sababu hizo, kwa kuwa vyama vyetu pia hufika wakati vikawaomba wanachama kulipa zaidi ili kitu kijengwe, na manung'uniko yanayozuka hapo ni ndugu wa yale yanayozuka kwa mteja wa simu.

Kinachojengwa ni nini

Kwanza yapasa kuelewa kinachojengwa. Faiba ni uzi wa kioo safi mno, mwembamba kama unywele, ambao ndani yake habari husafirishwa kwa mwanga badala ya umeme. Nyuzi nyingi za namna hiyo hufungwa pamoja ndani ya waya mmoja mnene, na waya huo huzikwa ardhini au hupitishwa juu ya nguzo. Uzi mmoja waweza kubeba habari nyingi kupita kiasi kikubwa cha zile zilizobebwa na waya wa shaba wa simu za zamani, tena kwa masafa marefu bila kufifia upesi.

Msomaji aweza kusema kwamba sisi wa Songwa hatuna faiba majumbani, twatumia simu za mkononi ambazo hazina waya, basi habari hii inatuhusu nini. Ukweli ni kwamba hewani husafiri sehemu ya kwanza tu ya safari, kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara. Mnara nao lazima uwe na njia yake ya kuyapeleka mbele yale uliyoyapokea. Minara mingine imefungwa moja kwa moja kwenye faiba. Mingine, na hasa ya vijijini, hurushiana mawimbi mnara kwa mnara mpaka kuufikia ule wenye faiba, na njia hiyo ni nyembamba, watu wakiwa wengi hujaa. Ndiyo sababu simu yaweza kuonyesha alama zote za mtandao huku taarifa ya chama ikigoma kuondoka: alama zile zinaeleza hali ya baina ya simu na mnara, hazielezi lolote juu ya njia iliyo mbele ya mnara.

Zaidi ya mnara iko safari nyingine ndefu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 chini ya Serikali na ambao huendeshwa na TTCL, ndio barabara kuu ya faiba nchini. Baharini, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwezi Julai mwaka 2009, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa konokono. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwa mojawapo. Siku hiyo ilidhihirika kwamba hata baada ya kujengwa, kitu hiki hutaka fedha ya kukitunza na ya kukiwekea njia ya akiba.

Sasa tuje kwenye hesabu. Gharama kubwa ya faiba haimo katika kioo chenyewe. Imo katika kuchimba mtaro, kupata ruhusa ya kupita, kuvuka barabara na mito, na kulipa mafundi wa kuunganisha. Tuchukue mfano, wala si takwimu ya kampuni yoyote. Tuseme kilometa moja ya mtaro pamoja na waya wake inagharimu shilingi milioni 20, na kijiji kipo kilometa 30 kutoka faiba ilipo. Hizo ni shilingi milioni 600. Kama kijiji hicho kina wateja 1,000, na kila mmoja akaongezewa shilingi 2,000 kwa mwezi, nyongeza yote ni shilingi milioni 2 kwa mwezi. Itachukua miezi 300, yaani miaka 25, kuirudisha gharama hiyo, bila kuhesabu riba ya mkopo wala matengenezo. Kwa hesabu hiyo hakuna kampuni itakayochimba mtaro kwa kuwategemea wateja wa kijiji hicho peke yao.

Kwa hiyo makampuni hufanya lile linalofanywa na kila mwenye duka lenye matawi mengi, yaani huitandaza gharama juu ya wateja wote. Kwa kawaida kifurushi kinauzwa Songwa kwa bei ileile kinayouzwa Kariakoo. Hapa ndipo panapozaliwa manung'uniko ambayo ni mazito kuliko bei yenyewe, ingawa mara nyingi hayasemwi waziwazi. Nyongeza anayolipa mkulima wa Kishapu mwezi huu yaweza kuwa inachimba mtaro katika mtaa wa mjini, ambako mwenye nyumba ataletewa faiba hadi sebuleni, wakati yeye mkulima ataendelea kupanda kichuguu ili apate mtandao.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili, maana fedha husafiri pia kutoka mjini kuja shamba. Mwaka 2006 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hupokea mchango kutoka katika mapato ya makampuni ya mawasiliano na kuutumia kutoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingejengwa. Mwezi Mei mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini kwa njia hiyo ya ruzuku. Mlalamikaji wa kijijini ambaye hajui habari za Mfuko huo hulalamika kwa nusu ya habari. Na mteja wa mjini aulizaye kwa nini analipia mnara wa porini naye ana nusu yake.

Mtaji usio na hisa

Mtu au shirika lenye kutaka kujenga kitu kikubwa lina njia tatu za kupata fedha. Laweza kukopa, na mkopeshaji atadai riba. Laweza kuuza hisa, na mwenye hisa atadai gawio na kura. Au laweza kupandisha bei kwa wateja lilio nao, wakalipa leo kwa ajili ya kitu kitakachokuwapo kesho kutwa. Njia hii ya tatu ina urahisi mmoja mkubwa kwa mjenzi: mteja hadai riba, hadai gawio, wala hana kura.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mteja anayelipa bei ya juu zaidi ili mtandao ujengwe ametoa mtaji ambao hana umiliki wake. Anaweza asijue kulitaja kwa maneno ya kihasibu, lakini analihisi. Analipa nyongeza kama mwenye mali, na anajibiwa kama mpita njia. Ndiyo maana watu walewale wanaokubali bila ugomvi kuchangia darasa la shule ya kijiji, ambako kamati husoma hesabu hadharani na kila mtu huliona tofali, huja juu kwa shilingi mia tano ya kifurushi. Watu wa mijini wenye kusoma wakati mwingine huwacheka kwa sababu hiyo, wakidhani ni ujinga wa hesabu. Si ujinga hata kidogo. Kwa kuwa mteja hana hisa, anadaiwa vitu vingine badala yake: kuarifiwa mapema, kuonyeshwa fedha inakokwenda, na kuambiwa nyongeza itakoma lini au atapata nini. Akinyimwa vyote vitatu, hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kukataa.

Namna ya kukataa hutegemea kama ana mlango wa kutokea. Nchini Kenya, serikali ilipokwisha kuruhusu huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink mwaka 2023, wateja wa faiba mijini walipata mahali pa kuhamia. Mwaka 2024 kampuni ya Safaricom iliongeza kasi ya intaneti yake ya majumbani bila kupandisha bei. Palipo na mnara mmoja tu mteja hana pa kuhamia, hivyo hupunguza. Hununua kifurushi cha siku badala ya cha wiki, huzima data, huazima simu ya jirani. Upunguzaji wa namna hii hausikiki redioni, lakini kwa chama cha msingi ndio wenye madhara, kwa kuwa katibu anayebana kifurushi ndiye anayechelewesha taarifa ya mnada.

Yaliyotokea nchini mwaka 2021

Mwaka 2021 nchi yetu iliona mambo mawili yanayofaa kukumbukwa pamoja. La kwanza lilihusu vifurushi. Kwa muda mrefu wananchi walikuwa wakilalamika kwamba vifurushi huisha kabla ya kutumika na kwamba bei hubadilishwa ghafla. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilikusanya maoni na kutoa kanuni mpya za vifurushi, zilizokusudiwa kuyaondoa hayo: mteja aweze kumhamishia mwenzake kifurushi, aweze kuendelea kukitumia kilichobaki, na bei isibadilishwe ovyo. Kanuni zilianza kutumika tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu. Asubuhi ile watu walipofungua orodha za vifurushi walikuta vingi vimepungua ujazo kwa fedha ileile, na kelele zikasikika nchi nzima. Haikupita siku moja Mamlaka ikatangaza kuyasitisha mabadiliko hayo na kuyataka makampuni yarudishe vifurushi vya awali.

Jambo la kushangaza katika tukio hili ni kwamba kanuni zenyewe zilikuwa na mengi ya kumfaa mteja. Lakini hakuna aliyeyasikia. Bei ilifika kabla ya maelezo, na penye njaa hakuna anayesoma kanuni. Mwaka uliofuata malalamiko juu ya vifurushi yalisikika tena, hata Bungeni, na Serikali ikaeleza kwamba makampuni nayo yana gharama zake za uwekezaji. Maelezo hayo yalikuwa na haki yake, ila yalikuja yakiwa nyuma ya bei kwa mara nyingine.

Jambo la pili lilikuwa tozo ya miamala ya simu, iliyoanza tarehe 15 Julai 2021. Tozo si bei ya kampuni, ni fedha ya Serikali, na hilo lisichanganywe. Lakini inatufundisha kwa kuwa makusudi yake yalikuwa ni kujenga: barabara za vijijini, maji, madarasa, vituo vya afya. Ilianzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Hakuna Mtanzania asiyetaka kituo cha afya. Hata hivyo upinzani ulikuwa mkubwa, na zaidi ya upinzani wa maneno kulikuwa na upinzani wa vitendo. Watu walirudi kwenye fedha taslimu, wakawatuma madereva na makondakta wa mabasi, wakasubiri ndugu anayesafiri. Mawakala walikaa vibandani bila kazi, na makampuni ya simu yalieleza kwamba miamala imepungua. Mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na katika mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa tena kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000.

Inafaa kuongeza kwamba lawama zilipungua makali kiasi pale Serikali ilipoanza kutangaza madarasa na vituo vya afya vilivyokuwa vikijengwa kwa fedha hizo. Hazikwisha, la. Ila mazungumzo yaligeuka. Watu walianza kuuliza kituo kipo wapi na kimefikia wapi, ambalo ni swali la mtu aliyekwisha kujihesabu kuwa ni mshirika katika jengo.

Waganda walikwisha kuonja kitu cha namna hiyo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 Serikali yao ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi waliikwepa kwa programu zinazoficha mahali mtu alipo, wengine wakaacha kutumia. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo haikwepeki kwa kuwa imo ndani ya bei.

Waliochimba mtaro wenyewe

Je, ipo njia ya kulipia faiba ambayo mlipaji anabaki na kitu mkononi? Ipo, na kwa furaha yetu ni njia ya ushirika. Kaskazini mwa Uingereza, katika mkoa wa Lancashire, kuna vijiji vya wafugaji wa kondoo na ng'ombe ambavyo makampuni makubwa yaliviona havina faida, kwa hesabu ileile ya kilometa na wateja tuliyoifanya hapo juu. Mwaka 2011 wakazi wake waliunda chama chao cha manufaa ya jamii, kiitwacho B4RN. Waliuza hisa kwa wakazi wenyewe. Wenye mashamba waliruhusu mtaro upite katika ardhi yao bila malipo, jambo ambalo peke yake lilifuta sehemu kubwa ya gharama, na wengi wao waliuchimba kwa mikono na kwa matrekta yao. Aliyechimba aliweza kulipwa kazi yake kwa hisa. Mtandao waliojenga ni wa kasi inayozidi ile ya sehemu nyingi za miji ya nchi hiyo, na kwa miaka mingi ada yake ilikuwa pauni 30 kwa mwezi.

Hatusemi kwamba chama cha msingi cha Songwa kikanunue jembe kesho asubuhi kikachimbe hadi Shinyanga mjini. Biashara ya mawasiliano hapa nchini inataka leseni ya TCRA, na uwezo wa vyama vyetu unajulikana. Tunaloliona katika mfano huu ni utaratibu wa fedha. Wakulima wale nao walilipia kitu ambacho hakijakuwapo, na pengine walilipa zaidi, ukihesabu na jasho. Lakini kila pauni na kila mita ya mtaro iliandikwa kwa jina la mtu. Kwa hiyo kuchelewa kwa kazi, mvua, mwamba usiopasuka, yote hayo waliyachukulia kuwa ni shida zao wenyewe wala si uzembe wa kampuni.

Pamba na viwanda vyake

Wazee wetu wa Usukuma walikwisha kulipita jambo hili, kwa mazuri yake na mabaya yake. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililojulikana kwa ufupi kama VFCU, liliundwa mwaka 1955 likiwa na makao yake Mwanza, na marehemu Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Lilikusanya pamba ya wakulima wa kanda yote hii, ya Shinyanga ikiwamo, na kutokana na makato katika pamba hiyo lilipata uwezo wa kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba, kazi ambayo kabla yake ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara. Mkulima aliyekatwa senti zake aliweza kukiona kiwanda kwa macho na kusikia ngurumo yake.

Kadiri miaka ilivyopita, makato yaliongezeka na maelezo yakapungua. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilikuta, pamoja na upungufu mwingine, kwamba wanachama wengi hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao wenyewe. Makato yalikuwa yakitoka kwao, lakini hawakujua yanafanya nini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na viwanda vya pamba vikaingia katika mamlaka ya umma iliyosimamia zao hilo. Ushirika ulifufuliwa kwa sheria ya mwaka 1982, na vyama vikuu vikaundwa upya kuanzia mwaka 1984. Lakini mzee aliyekatwa pamba yake mwaka 1960 kujenga kiwanda, alipoulizwa cheti chake kiko wapi, hakuwa nacho. Wengi hawakupata kupewa. Mtu akitaka kujua kwa nini neno «makato» huleta ukimya katika mkutano mkuu hadi leo, aanzie hapo.

Kazi ya katibu

Kwanza kabisa, gharama ya intaneti iwe na kifungu chake katika makisio. Isifichwe ndani ya «matumizi mengineyo». Kifungu kikiwa peke yake, mwanachama ataona kilikuwa kiasi gani mwaka jana na kimekuwa kiasi gani mwaka huu, na mkaguzi naye hatakuwa na la kuuliza.

Katibu pia afungue ukurasa katika daftari la ofisi kwa ajili ya vifurushi tu. Kila anaponunua aandike tarehe, kampuni, fedha iliyolipwa, ujazo wa megabaiti au gigabaiti, na siku za matumizi. Kazi hii huchukua dakika moja. Faida yake huonekana siku bei inapobadilika, kwa sababu kampuni nyingi hazipandishi bei kwa kuongeza shilingi. Hupunguza ujazo au siku na kuiacha shilingi pale pale. Asiyeandika hawezi kuliona hilo. Atahisi tu kwamba mwezi umekuwa mrefu.

Ikitokea mabadiliko ambayo hayakutangazwa, au kifurushi kikaisha kwa namna isiyoeleweka, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi inapowezekana, na namba ya lalamiko ihifadhiwe. Kampuni isipotoa jibu la kuridhisha, lalamiko hupelekwa TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa huko Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili ya kumsemea mtumiaji. Chama kinaweza kulalamika kwa jina lake, na barua ya chama chenye wanachama mia tatu, ikiambatanishwa na kurasa za daftari tulilolitaja, ina uzito kuliko simu mia tatu za hasira kwa huduma kwa wateja.

Limebaki lile la upande wetu. Chama kinapotaka kuongeza ushuru kwa ajili ya ghala, kwa ajili ya kompyuta na umeme wa jua wa ofisi, au kwa ajili ya kuungana na vyama jirani kulipia intaneti moja iliyo imara, kinakuwa kimekaa katika kiti kilekile cha kampuni iliyopandisha bei. Kina nafuu moja ambayo kampuni haina: wanaolipa ndio wenye chama. Nafuu hiyo haijitokezi yenyewe. Mara nyingi tumeona ajenda imeandikwa kwa maneno matatu, «Kuongeza ushuru wa chama», ikasomwa saa nane mchana watu wakiwa wamechoka, ikapita kwa kunyoosha mikono, na manung'uniko yakaanza msimu wa kuuza ulipofika. Ajenda ya namna hiyo ni sawa na ile asubuhi ya Ijumaa Kuu.

Iandikwe kwa ukamilifu, na itangazwe kwa siku zilizowekwa na masharti ya chama ili mwanachama aende nayo nyumbani kwanza. Kwa mfano: «Kuongeza ushuru kwa shilingi kadhaa kwa kila kilo, kwa misimu mitatu, kuanzia msimu huu hadi msimu wa mwaka fulani, kwa ajili ya kujenga ghala lenye uwezo wa tani kadhaa, kiasi kitakachokatwa kwa kila mwanachama kuandikwa katika daftari la hisa kwa jina lake, hesabu ya makusanyo na matumizi kusomwa katika kila mkutano mkuu, na nyongeza kukoma baada ya msimu wa tatu isipokuwa mkutano mkuu utakapoamua vinginevyo.» Mahali palipoandikwa «kadhaa» na «fulani» pawekwe tarakimu kabla ya tangazo kubandikwa, na muhtasari wa mkutano, pamoja na orodha ya waliohudhuria na makisio yaliyorekebishwa, upelekwe kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa kabla kilo ya kwanza ya msimu haijapanda mizani.